Lapi Ikipiga Saireni, Usipigie Mtu

Kama kuna lapi kwa keja yenu, hii stori ishakupata ama iko njiani. Uko kwa saiti ya kustrimu game ya Jumamosi, zile hakuna mtu hulipia. Unafinya kale ka-X ka kufunga tangazo, halafu skrini yote inageuka bluu ama nyekundu. Saireni inaanza kulia. Kuna sauti ya dem mzungu inabonga mbio: kompyuta yako imefungwa, picha na pasiwadi zako zinaibwa saa hii, usizime mashine, piga hii namba ya Microsoft. Unafinya kufunga, wapi. Mausi imejificha. Kila mtu kwa hao anakuangalia we.

Wasee, nikuwe straight: hapo hakuna kitu imeingia kwa lapi yako bado. Hiyo ni peji tu ya intaneti. Imeambia browza ijaze skrini nzima, ikaficha ile sehemu ya juu yenye huonyesha adresi ya saiti, halafu ikachora madirisha ya Windows hapo ndani. Ata ile skani unaona ikihesabu vairasi moja baada ya ingine ni katuni imechorwa mapema, na kila msee akiingia anaonyeshwa hiyo hiyo. Peji haiwezi kuchungulia faili zako zote na ikupee ripoti. Venye inajua uko Nairobi na mtandao wenye unatumia, ni juu kila saiti ukiifungua inaona adresi yako ya IP. Hakuna kitu wamehack hapo.

Na kuna alama moja inatosha kumaliza mjadala. Microsoft wenyewe wamesema meseji zao za makosa na za onyo haziwekangi namba ya simu. Ukiona namba kwa onyo, ujue mwenye ameiweka hapo ni mkora, ata kama logo imetulia aje na kizungu kimenyooka aje.

Kutoka ni rahisi. Nyamazisha sauti kwanza, juu saireni kazi yake ni kukutense ndio usifikirie. Halafu shikilia Esc kiasi, fulu skrini itaachilia, na ufunge hiyo tabu. Ikileta ngori, finya Alt na F4 pamoja. Ikikaza bado, finya Ctrl, Shift na Esc, Task Manager itafunguka, tafuta browza yako hapo kwa listi na ufinye End task. Wa Mac ni Command, Option na Esc. Ukifungua browza tena, itakuuliza kama irudishe peji zenye zilikuwa wazi. Hapo sema zii.

Kuna mathe wa ploti yetu huku Umoja alikuwa anatafutia mtoi wake picha ya mfumo wa kusaga chakula, homuwaki ya Grade 6. Popapu ikawashika. Venye niliitwa niingie, alikuwa ashaandika ile namba nyuma ya karatasi ya tokeni za stima, simu iko mkononi, na mtoi ako kwa kona analia juu lapi ni ya wera ya buda yake. Nikamshow, "Mathe, hujaharibu kitu. Na huyu mtoi pia hajaharibu." Akaniangalia. "Lakini kijana, si wamesema nikizima inakufa kabisa?" Nikafinya Alt na F4, skrini ikarudi kawaida. Akakaa kimya kiasi, halafu akauliza swali moja poa sana: "Sasa hawa watu wanafaidika na nini, kuogopesha watu hivi?"

Wanafaidika na ganji, na ni mob. Ukipiga ile namba, msee mpole anashika. Anakushow uweke AnyDesk ama TeamViewer, programu safi kabisa za kusaidiana kutoka mbali, ndio aingie kwa mashine yako. Anafungua Event Viewer, mahali Windows huandika kila kitu imefanyika, na hapo kila mashine duniani iko na alama nyekundu na za njano, ata ile imetoka dukani leo. Anakuambia hizo ndio vairasi. Halafu anakuuzia "msaada," ama anakuomba ufungue akaunti ya benki akiangalia.

Na si wakora wa gizani peke yao. Kamisheni ya biashara ya Marekani, FTC, ilishtaki mwaka wa 2008 mbogi ya wasee walikuwa wanauza WinFixer na XP Antivirus, skani za uongo za kutisha watu wanunue dawa ya ugonjwa haupo. Mwaka wa 2012 korti ikaamua mmoja wao alipe zaidi ya dola milioni 163. Mwaka wa 2019, Office Depot, duka kubwa lenye watu wanaliamini, na kampuni ya Support.com, walikubali kulipa dola milioni 35 pamoja juu ya programu ya kupima afya ya kompyuta bure, yenye ilikuwa inaambia wateja wako na dalili za vairasi ata kama hakuna. Mwaka wa 2024 ikawa zamu ya Restoro na Reimage, kampuni za Cyprus, dola milioni 26, kesi ikiwa ni popapu zilijifanya za Windows.

Angalia hizo miaka. Ni ujanja ule ule, unabadilisha nguo tu. Kila mara kitu inauzwa ni hofu, antivairasi ni jina tu imebandikwa juu ya boksi. Ndio maana mi husema: antivairasi chagua siku umetulia, chai iko mezani, hakuna kitu inalia. Usiwai inunua kutoka kwa skrini yenye imekushtua, ata kama hiyo antivairasi ni ya ukweli.

Huku Kanairo kupigia namba ya Marekani kredo inaisha mbio, so nadhani wasee wetu wengi hawafiki hapo kwa simu. Sisi tunashikwa kwa kufinya, na ni kwa njia mbili.

Njia ya kwanza haina kelele. Saiti inakushow, "Finya Allow kuonyesha wewe si roboti." Hiyo Allow haihusiani na roboti. Umepea hiyo saiti ruhusa ya kukutumia notifikesheni. Kutoka hapo, kona ya chini kulia vikaratasi vinaanza kutokea kila saa: McAfee yako imeisha leo, vairasi tano zimepatikana, Norton inahitaji malipo. Ata ukiwa umefunga hiyo saiti. Ata ukiwa unaandika CV. Msee anaona lapi imeoza, anaibeba mpaka kwa fundi wa Luthuli tao, anaulizwa thao ndio Windows ipigwe upya, wakati dawa ni ya dakika moja hapo kwa keja. Angalia hako kakaratasi vizuri: kuna jina la browza, na kwa herufi ndogo sana kuna adresi ya saiti hujawai skia. Antivairasi yako haitumangi onyo kupitia Chrome kwa jina la saiti ya muvi. Ingia Settings za Chrome, Privacy and security, Site settings, Notifications. Ondoa kila saiti hujui kwa zile zimeruhusiwa. Halafu weka pale saiti zisiruhusiwe tena kukuuliza. Kimya kinarudi hapo hapo.

Ukifinya hizo vikaratasi unaenda wapi? Zingine zinakupeleka kwa fomu feki ya kunyonya namba za kadi. Zingine zinakupeleka kwa duka la ukweli la antivairasi, unalipa, unapewa kitu ya ukweli, na mwenye alikutisha anakatiwa komisheni na duka. Hii ya pili ndio inaniuma sana, juu mteja hajui amechezwa. Anaona amejilinda.

Njia ya pili ni mbaya kuliko zote, na ilianza kusambaa 2024. Inaitwa ClickFix. Unafungua saiti, unaona kale kasanduku ka "mimi si roboti," unaweka tiki. Halafu inakuambia uthibitishe hivi: finya kitufe cha Windows na R, halafu Ctrl na V, halafu Enter. Ni hatua tatu tu, mtoi wa darasa la nne anaweza. Cheki kenye kimefanyika. Venye uliweka tiki, saiti ilikopi amri bila kukuonyesha. Windows na R ilifungua dirisha la kuendesha amri. Ctrl na V ikabandika ile amri. Enter ikaiendesha, na mkono ulifinya ni wako. Antivairasi mara mingi inaishika, lakini kuna siku inapitwa, juu kwa macho ya mashine ni mwenye lapi ameamua.

Kenye huingia hapo mara mob ni mwizi wa data, kama Lumma. Mwaka wa 2025 mwezi wa tano Microsoft na wenzao walivunja mitambo ya Lumma, na walikuwa wamehesabu kompyuta zaidi ya 394,000 za Windows zimeambukizwa kwa miezi miwili tu. Lumma hubeba pasiwadi zenye browza imehifadhi, na kuki zenye zinaonyesha ushaingia. Mkora akiwa na hizo kuki anaweza ingia kwa imeili yako bila pasiwadi na bila kodi ya simu. So shika hii moja kabla ya zingine zote: hakuna saiti ya halali itakuambia ufinye Windows na R ndio ijue wewe ni binadamu. Hakuna.

Sasa tubonge antivairasi yenyewe. Swali la mtaa ni "ninunue gani?" na jibu langu la kwanza ni kwamba ushalipia. Kutoka Windows 8 mwaka wa 2012, Windows inakuja na Defender ndani, antivairasi kamili, bure. Andika "Windows Security" kwa ile sehemu ya kutafuta, ifungue, ucheki alama za kijani. Kuna maabara mbili zenye hupima hizi vitu miaka na miaka, AV-TEST ya Magdeburg kule Ujerumani na AV-Comparatives ya Innsbruck, Austria, na Defender imekuwa ikipata alama za juu huko. Si ile kitu dhaifu wasee walikuwa wanacheka kitambo.

Ukiwa hapo ndani kuna swichi moja wengi hawaijui. Ingia App & browser control, halafu Reputation-based protection, uwashe kila kitu, mpaka ile ya kuzuia programu za takataka zenye si vairasi kamili lakini zinaleta matangazo. Edge nayo ilipata kizuizi cha peji za kutisha 2025, chenye hushtuka peji ikijaza skrini hivyo. Na weka kizuizi cha matangazo, juu hizi popapu mingi hupitia kwa matangazo. Firefox na uBlock Origin ni mbogi safi. Chrome walibadilisha sheria zao, so huko utapata ile ndogo, uBlock Origin Lite, na bado inasaidia.

Lakini Defender ina shida moja, na shida hiyo inagusa watu wetu kuliko mzungu wa Innsbruck. Nguvu yake nyingi iko kwa mtandao: inauliza seva za Microsoft kama faili ni safi. AV-Comparatives wakipima bila intaneti, Defender hushuka. Sasa fikiria keja yenye bando hununuliwa siku moja moja, na lapi inaishi kwa flashi: flashi ya saiba, flashi ya muvi, flashi ya printi za shule, ile yenye ukiichomeka folda zako zote zimegeuka shotikati. Kama hivyo ndio mnaishi, hapo naona sababu ya kuweka ingine yenye inashika vizuri ata bila mtandao. Bitdefender ya Romania iko na toleo la bure lenye halisumbui. Na usifungue hizo shotikati. Skani flashi kwanza. Faili zako mara mingi ziko hapo tu, zimefichwa.

Za bure nazo chunga zinakula nini. Avast walikuwa wanachukua historia ya mahali watu wanatembea kwa intaneti na kuiuza kupitia kampuni yao ya Jumpshot, mpaka wakaifunga 2020. Mwaka wa 2024 FTC ikawaambia walipe dola milioni 16.5. Msee aliweka kitu ya kumlinda asichunguliwe, na hiyo kitu ndio ilikuwa inamchungulia. Siku hizi Avast, AVG, Avira na Norton zote ziko chini ya kampuni moja, Gen Digital, so ukihama kutoka moja kwenda ingine ukidhani umebadilisha mwenyewe, hujaenda mbali.

Kaspersky ndio utaona kwa maduka mob tao. Kwa vipimo ni kali, hiyo sibishi. Lakini Marekani ilipiga marufuku kuuzwa kwake kutoka Julai 2024 na apdeti zikakatwa huko Septemba, wakisema kampuni ya Urusi ndani ya kompyuta zao ni hatari kwa usalama wa nchi. Huku bado iko halali. Kama wera yako ni ya kampuni ya Marekani, waulize kabla uiweke.

Zingine nitapita haraka. Usiweke antivairasi mbili, zinapigana na lapi inakuwa nzito. Ukiweka ingine, Defender inajikalisha kando yenyewe. Lapi mpya ikija na ya majaribio yenye imeisha na inakusumbua, itoe kwa Settings, Apps, zima na uwashe, halafu ucheki Defender imeamka. Ukilipia ya pesa kwa kadi ya GlobalPay, kumbuka inakata moja kwa moja kwa balansi ya M-Pesa, so zima ile ya kujilipisha tena kila mwaka hiyo hiyo siku umenunua. Na watoi watengenezee akaunti yao, isiwe ya msimamizi, ndio wasiweze kuinstoli kitu bila pasiwadi yako.

Kenye kinavunja kila antivairasi mtaani ni kraki. Unanunua EliteBook ya ex-UK, fundi anakuwekea Windows na Office kwa kraki kama KMSPico, na maagizo ya kwanza kabisa ya hizo programu ni "zima antivairasi." Unafungua mlango mwenyewe. Mwaka wa 2021 watafiti wa Red Canary walipata KMSPico feki zimebeba CryptBot, mwizi wa pasiwadi kama huyo Lumma. Na mara mingi fundi akimaliza hairudishi Defender. So ukinunua lapi tao, kabla ulipe, fungua Windows Security hapo hapo dukani na ucheki kama imewashwa na kama kuna folda zimeambiwa zisiskaniwe. Hiyo listi iko chini ya Virus & threat protection, Manage settings, Exclusions. Ukipata kitu hapo, uliza. Kama ni Office tu ulikuwa unataka, LibreOffice ni bure na inafungua hizo faili.

Halafu kuna Windows 10, na hizi EliteBook 840 G3 zimejaa Nairobi. Prosesa zao ni za kizazi cha sita, na Windows 11 inataka cha nane kwenda juu kama ni Intel. Msaada wa Windows 10 uliisha 14 Oktoba 2025. Microsoft walitoa mwaka mmoja wa ziada wa apdeti za usalama mpaka 13 Oktoba 2026, na unaweza kuupata bure ukiingia na akaunti ya Microsoft na kuruhusu settings zako zihifadhiwe. Kujiunga ni kwa Settings, Windows Update. Defender itaendelea kupata orodha ya vairasi baada ya hapo, lakini mashimo ya mfumo wenyewe hayazibwi na antivairasi, ata ulipe ngapi. Kwa lapi ya kubrauzi na homuwaki, mi huwekea watu Linux Mint. Inakaa kama Windows ya kitambo, haisumbui, na mtoi anaizoea mbio kuliko mzazi.

Na kama kitu ishafanyika, kama mtu kwa keja alipiga simu, aliweka AnyDesk, ama alifinya ile Windows na R, usianze kumfokea. Watu hukaa siku nzima wakificha juu ya aibu, na hizo saa ndio mkora anatumia. Toa Wi-Fi kwanza. Ondoa hiyo programu ya kuingilia. Piga Defender Offline scan, iko hapo kwa Scan options. Mashine itazima na kujiskani kama dakika kumi na tano kabla Windows iamke. Halafu chukua simu, si hiyo lapi, ubadilishe pasiwadi ukianza na imeili, na kwa akaunti ya Google uingie Your devices utoe kila mashine huijui. Kama namba za kadi zilitoka, pigia benki kwa namba iko nyuma ya kadi. Ripoti iende kwa KE-CIRT, kitengo cha Mamlaka ya Mawasiliano. Sheria ya makosa ya kompyuta iko kutoka 2018. Piga picha ya skrini na simu kabla ufute chochote, ionyeshe namba na adresi ya saiti, juu hizo ndio watakuuliza kwanza.